Povu la Kolwezi na Istilahi Zetu: Tahakiki Fupi

Makala haya yanahusu povu, na tunamwomba msomaji asitabasamu mapema. Mwaka 1991 Tuzo ya Nobel ya fizikia alipewa Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes, naye katika hotuba yake alizungumzia kile ambacho wenzake wa Ufaransa walikuwa wamekwisha kukiita maada laini: mapovu, jeli, mpira, gundi, tope, utando wa seli. Alikiri papo hapo kwamba Wamarekani hawakulipenda jina hilo, bali walipendelea kusema viowevu changamano. Yaani hata wenye maabara walikuwa hawajapatana juu ya jina. Mwaka mmoja kabla ya hotuba hiyo, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilikuwa imetoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Hapana shaka kwamba kamusi hiyo ni kazi ya kuheshimiwa, na walioitumia darasani wanajua ilivyowaondolea adha. Hata hivyo, jina lake lenyewe linatuonyesha tatizo tunalokusudia kulijadili. Maada laini si mali ya biolojia peke yake, wala ya fizikia, wala ya kemia. Iko mpakani mwa zote tatu, na mpakani ndipo istilahi zetu zinapopwaya.

Tutauchunguza upwayaji huo kwa mfano mmoja, nao ni Kolwezi, makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015. Tumeuchagua mji huo kwa sababu mbili. Kwanza, uchumi wake ulisimama kwa miongo mingi juu ya povu, katika maana halisi ya neno hilo. Pili, wafanyakazi wake huzungumza Kiswahili, lakini Kiswahili chao hakikualikwa katika vikao vya usanifishaji tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930.

Jiwe la shaba linalochimbwa huko lina kiasi kidogo tu cha madini. Hapana budi lisagwe likawa unga, unga ukatiwa maji ukawa tope, kisha madini yakatengwa na mchanga. Kazi ya kutenga hufanywa na viputo vya hewa. Tope hupulizwa hewa, na chembe zenye shaba hujishika kwenye viputo, zikapanda navyo hadi juu na kukomba pamoja na povu; mchanga hubaki chini. Malakaiti, lile jiwe la kijani, ina uzito wa takriban mara nne ya ule wa maji. Haielei, na haitaelea. Inabebwa.

Siri ya kubebwa huko ni kulowa na kutolowa. Tone la maji juu ya jani la mgimbi hujikunja kama shanga. Juu ya kioo safi hutandaa. Thomas Young alieleza mwaka 1805 kwamba pembe inayofanywa na ukingo wa tone inatokana na mvutano wa nyuso tatu zinazokutana hapo: ya kitu kigumu, ya kiowevu na ya hewa. Chembe inayokataa maji hukipenda kiputo. Malakaiti kwa asili yake hulowa, kwa hiyo inahitaji kuvikwa vazi litakalochukia maji. Huko Kolwezi vazi hilo lilitoka kwenye mawese. Mawe ya oksidi yenye silika yalitibiwa kwa asidi za mafuta ya mawese, pamoja na mafuta ya dizeli na magadi. Molekuli ya asidi hiyo ina kichwa kinachoishika metali na mkia mrefu unaoyakimbia maji. Kiswahili kina neno tayari kwa kiumbe wa namna hiyo, nalo ni ndumilakuwili, ingawa molekuli, tofauti na wanadamu tunaowaita hivyo, haina unafiki wowote: inasema yote mawili waziwazi. Mawe yenye dolomaiti yalileta shida, kwa kuwa asidi zilezile huishika pia kalisi na magnesi. Hayo yalihitaji kwanza kupewa ngozi ya salfa, ndipo kemikali nyingine iyavike mkia.

Je, jambo hili tuliiteje? Wepesi wa kwanza ni kuchukua kitenzi elea na kukinyambua. Lakini hapa lugha ina mtego wake. Kufanya kitu kielee ni kukieleza. Na kueleza, kama kila mwanafunzi ajuavyo, ni pia kufafanua. Jambo likieleweka husemwa limenielea. Uhusiano huu ni mzuri kupita kiasi, na ndiyo sababu hautufai: mwanafunzi atakayesoma kwamba mtambo ‘unaeleza madini’ atacheka, na atakuwa na haki. Wako wanaodhani kwamba ‘ueleaji’ ungetosha. Nao una kasoro, na hii si ya masikio bali ya fizikia: neno hilo linaifanya chembe ya shaba kuwa mtendaji, kana kwamba inaelea yenyewe kama gogo. Methali yetu ilikwisha kuona mbali zaidi iliposema kwamba vyaelea vimeundwa. Sisi tungependekeza uibuaji kwa povu. Kuibua ni kukitoa juu kitu kilichozama, na kitenzi hicho kinahitaji mtendaji na mtendwa, yaani kiputo na chembe. Istilahi nzuri ni ile inayobeba mtiririko wa sababu ndani ya sarufi yake.

Kwa kipimo hichohicho tulitazame neno mnato, ambalo limeenea vitabuni kwa maana ya ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Neno limetokana na kunata, yaani kushikamana na kitu kingine. Asali hunata na pia hutiririka polepole, ndiyo maana mkanganyo haukuonekana. Lakini mafuta mazito ya mashine hutiririka polepole bila kunata kama gundi, na ulimbo hunata kwa sababu ambazo mwendo wake peke yake hauzielezi. Fizikia ya maada laini huhitaji kuyatenga mambo hayo mawili. Istilahi yetu imeyafunga kamba moja. Ilhali jikoni tofauti hiyo inajulikana. Mpishi husema uji huu mzito, uji huu mwepesi, wala hamaanishi uzito wa mizani. Mama wa Kolwezi anayesonga bukari anajua kwamba kuna dakika ambapo unga uliotiwa maji ya moto huacha kuwa uji. Mwenye maabara atasema kwamba chembe za wanga zimefyonza maji na kuvimba. Mwiko umekwisha kumwambia jambo hilo yule mama kwa lugha ya mkono.

Hapo tunafikia kosa la kimsingi zaidi, nalo ni lile fundisho la shule kwamba maada ina hali tatu: mango, kimiminika na gesi. Bukari ni ipi? Povu ni gesi iliyofungwa katika kiowevu, lakini ukilifinyanga mkononi hukaa kama kitu kigumu, na hakuna hata kimoja kati ya viambajengo vyake kilicho kigumu. Mbelgiji Joseph Plateau, ambaye alikuwa amepofuka, alichapisha mwaka 1873 kanuni za umbo lake: tando tatu hukutana kwenye ukingo mmoja kwa pembe za digrii 120, na kingo nne hukutana penye nukta moja kwa pembe za takriban digrii 109.5. Ni hesabu safi, na inaonekana katika sufuria ya kuoshea vyombo. Agnes Pockels, Mjerumani asiyepata nafasi ya chuo kikuu, alizipima nyuso za maji nyumbani kwake, na barua yake ikachapishwa katika jarida la Nature mwaka 1891.

Kiswahili chenyewe kinaelekea kuwa na hisi ya maada hii katika ngeli zake. Tazama vile vitu vinavyokaa katika u-: uji, ugali, ute, utomvu, utando, ubongo, uboho, usaha. Kisha tazama vinavyomwagika katika ma-: maji, mafuta, maziwa, mate, matope. Katanga nayo husema bukari kwa kiambishi bu-, yaani ngeli ileile katika vazi la kale zaidi. Tusije tukaonekana kudai kwamba mababu zetu waligundua fizikia ya jeli. Asali, damu na gundi zinakataa mpangilio huo, na uzi na ukuta vimeingia katika u- kwa njia nyingine kabisa. Tunachodai ni kidogo zaidi: mwundaji istilahi anayetafuta nomino mpya ya kitu teketeke angefanya vema kujaribu u- kabla ya kukopa. Na kwa kuwa tumelitumia neno hilo, tuseme wazi kwamba ‘maada laini’ yenyewe haituridhishi. Laini ni pia kitu kisicho na mikwaruzo, kama kioo. Maada teketeke ingekuwa sahihi zaidi, ijapokuwa tunakiri kwamba haina haiba ya kuwekwa kwenye jalada la kitabu.

Mintarafu ya Kiswahili cha Katanga, haiwezi kusemwa kwamba hakikuchunguzwa. Edgar Polomé alikiandikia mwaka 1968, Walter Schicho akatoa sintaksia yake mwaka 1982, na Vincent de Rooij mwaka 1996 akaonyesha namna viunganishi vya Kifaransa vinavyoshikilia mazungumzo ya Kiswahili. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986, alionyesha jinsi lugha hii ilivyofanywa chombo cha kazi katika Kongo ya Wabelgiji, na katika makala ya 1982 alipinga dhana kwamba neno hukopwa kwa sababu tu ya pengo. Ni kazi zenye uzito. Lakini ukizisoma zote kwa mfululizo unaona zinavutiwa na amri za bwana kazi, na mahubiri, na masimulizi, na mchanganyiko wa ndimi. Ujuzi wa mtu anayesimama mbele ya birika la povu, anayejua kwa rangi na ukubwa wa viputo kwamba mawese yamezidi au magadi yamepungua, haukufanywa kuwa suala la lugha. Huku Dar es Salaam, istilahi ziliundwa kwa kutazama Kiingereza, ambacho mwanafunzi wa Kolwezi hakikumlea. Yeye amelelewa kwa Kifaransa darasani na Kiswahili nyumbani. Makundi mawili ya wataalamu yalikifanyia kazi Kiswahili kimoja kwa miaka ileile, na hayakusomana. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kisingizio cha mpaka hakina nguvu tena.

Mtu anaweza kuuliza kama haya yana maana yoyote nje ya kumbi zetu. Tutatoa mfano mmoja. Shinikizo ndani ya kiputo kilicho ndani ya maji huzidi lile la nje kwa kiasi cha mkazo wa uso mara mbili, kugawanywa kwa nusukipenyo. Kwa maji, mkazo huo ni nyutoni 0.072 kwa mita. Kiputo chenye nusukipenyo cha milimita 0.5 kitakuwa na ziada ya paskali 288. Sasa chukua kifuko cha hewa katika pafu, ambacho nusukipenyo chake ni takriban milimita 0.1: kingelowana kwa maji matupu, ziada ingekuwa paskali 1440, na vifuko vidogo vingesinyaa. Havisinyai kwa sababu pafu hujipaka ndumilakuwili wake lenyewe, ambaye sehemu yake kubwa ina mikia miwili ya asidi ya palmiti. Ni asidi ileile ambayo ni zaidi ya theluthi moja ya mafuta ya mawese. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokuwa wakifa kwa kushindwa kupumua walipungukiwa na upako huo. Muuguzi anayetaka kumweleza mama jambo hilo kwa Kiswahili leo atatumia neno gani? Akisema ‘mafuta ya mapafu’, mama atadhani ni unene. Akisema ‘povu’, mama ataogopa, maana povu mdomoni ni dalili ya kifafa au sumu.

Turudi Kolwezi. Povu halikukamata kila kitu. Tope lililobaki lilimwagwa tangu miaka ya 1950 katika bonde la mto Musonoi na bwawa la Kingamyambo, likafikia zaidi ya tani milioni 100, likiwa bado na takriban asilimia 1.5 ya shaba, pamoja na kobalti. Mwaka 2018 lilianza kuchimbwa upya, na safari hii si kwa povu bali kwa asidi. Kwa tope hilo pia tuna maneno: Kiingereza huliita mikia, Kifaransa hulihesabu kuwa takataka, na kamusi zetu zinayumba kati ya ‘mabaki’ na ‘masalia’. Makapi ni bora kuliko yote hayo, kwa kuwa apepetaye anajua kwamba makapi hayakosi punje ndani yake.