Mafuta ya Sintetiki katika Injini Ndogo za Butere

Butere, ambako tawi la reli kutoka Kisumu lilikomea, leo uchukuzi wake mwingi wa karibu, na kazi ya kuvuta maji na kuwasha taa umeme unapokatika, umo katika injini ndogo za bodaboda, pampu na jenereta. Na wenye injini hizo, waonapo kopo la oili lililoandikwa sintetiki likiuzwa ghali kuliko jirani zake, huwauliza mafundi kama tofauti hiyo ya bei ina manufaa.

Mafuta ya kawaida hupatikana kwa kutakasa mafuta ghafi, na hata yakitakaswa vipi husalia na chembe za kila kimo, nyingine nta igandayo kwa baridi, nyingine nyepesi zitokazo mvuke kwa moto. Ama ya sintetiki halisi hujengwa upya kutokana na gesi ya ethilini, igeuzwayo kuwa deseni, ambayo chembe zake hufungamanishwa tatu tatu au nne nne na kutiwa haidrojeni, hata yakatoka mafuta yaliyolingana, yasiyo na nta. Elimu hii ilianza kutafutwa Marekani kabla ya Vita Kuu ya Pili, Wajerumani wakaipanua vitani, na mwaka 1974 Mobil 1 ikaingia sokoni. Makopo mengi ya siku hizi, hata hivyo, yana mafuta ghafi yaliyovunjwa kwa haidrojeni chini ya shinikizo kubwa, nayo ni mafuta mema, ila si yale yale.

Sifa kuu ya mafuta haya katika nchi za theluji, yaani wepesi wa kutiririka alfajiri ya baridi kali, haina kazi kubwa Butere, iliyo karibu kabisa na Ikweta. Kinachobaki ni ustahimilivu wa joto, nao una thamani yakini, madhali injini ipozwayo kwa upepo, ikipanda kilima na abiria wawili, huunguza mafuta kuliko ile yenye maji.

Lakini tuitazame injini ya pampu kama Honda GX160. Haina pampu ya oili wala chujio: kijiko kidogo chini ya mkono wa pistoni huyapiga mafuta, kiasi cha lita 0.6 tu, na kuyarusha kila upande. Fundi huifungua nati ya chini injini ikiwa ingali vuguvugu, akaiinamisha, yakashuka mafuta meusi yenye vumbi la chuma limetalo juani. Kisha, akiisha kuijaza penye usawa, hukitumbukiza kipimio bila kukikaza, kwani kukikaza hudanganya kipimo. Masizi, vumbi na petroli iliyopenya hubaki humo humo, yawe mafuta ya kawaida ama ya sintetiki, na kwa hiyo agizo la mtengenezaji, yaani saa 20 za kwanza na baadaye kila saa 100 au miezi sita, halirefuki kwa sababu ya jina lililo juu ya kopo.

Kwa bodaboda ipo hadhari nyingine. Aghalabu sahani za klachi huoga katika mafuta yale yale ya injini, na baadhi ya mafuta ya magari, hasa yale mepesi, yametiwa dawa za kupunguza msuguano. Yakitiwa humo klachi huteleza, injini ikanguruma na pikipiki isipande. Sharti kopo liwe na alama ya JASO MA, iliyowekwa na Wajapani mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki, na unene uafikiane na kitabu cha mtengenezaji.

Hivyo basi, mwenye gari lenye chujio zuri na safari ndefu asisite kununua sintetiki, na mwenye bodaboda aliye na uwezo vilevile, mradi asizidishe siku. Bali yule ambaye fedha ya kopo moja la sintetiki ingemtosha kubadilisha mafuta ya kawaida mara mbili, namshauri achague hizo mara mbili.