Injini ya Sataranji Ipimwe kwa Kitabu au Bila Kitabu?

Barazani Mikindani, mjuzi wa bao la kiswahili haumizi kichwa kwa kete zake za mwanzo. Shimo kuu liitwalo nyumba lina kete 6, mashimo mawili ya kando yana 2 kila moja, nyingine 22 ziko mkononi. Anayeanza hana cha kula, ni kutakata tu, yaani kusambaza kete bila kula. Yanayofuata ameyazoea miaka mingi, na ukitaka kujua akili yake inafika wapi, mazoea hayo yatakuficha.

Injini za sataranji, yaani programu za kompyuta za kuucheza mchezo huo, zina jambo hilohilo: kitabu cha ufunguzi, yaani akiba ya hatua za mwanzo zilizochambuliwa zamani.

Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza kuwa programu yake AlphaZero, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, imeikabili injini ya Stockfish 8 katika michezo 100: ikashinda 28, sare 72, haikufungwa. Wajuzi walilalamika, na kwa maoni yangu walikuwa na haki. Stockfish ilicheza bila kitabu, tena kwa dakika moja kila hatua, ilhali imeundwa kujigawia muda.

Jaribio likarudiwa, matokeo yakatoka mwaka 2018: michezo 1,000, AlphaZero ikashinda 155, ikafungwa 6. Safari hii kukawa na mapambano ya ziada: mengine yalianzia kwenye mafunguzi yaliyopangwa, katika mengine Stockfish ilipewa kitabu. AlphaZero ikashinda yote.

Kati ya njia hizo, mimi naiamini ile ya mafunguzi yaliyopangwa. Bila kitabu, injini mbili zinaweza kurudia mchezo uleule, na michezo 100 ikawa na uzito wa michache. Kila moja ikija na kitabu chake, huenda aliyeshinda ni mwandishi wa kitabu. Lakini zikianzia nafasi moja, zikaicheza mara mbili kwa kubadilishana rangi, ubovu wa nafasi unazigusa zote sawasawa. Ndivyo yanavyofanya mashindano ya injini yaitwayo TCEC.

Bao nalo limeshaingia kwenye kompyuta. Watafiti wa Maastricht, Uholanzi, walilishughulikia. Kijana wa Mtwara unayetaka kuandika programu yako, usiipime kwa mwanzo mmoja. Waombe wazee wakupe nafasi 20 za katikati ya namua (awamu ya kuingiza kete za mkononi), kisha kila nafasi ichezwe pande zote mbili.