Nusu ya mstari upi? Mwongozo wa insulini ya paka ukisomwa Uyole

Shangazi yangu anaishi Uyole, Mbeya. Mwaka jana paka wake alianza kunywa maji kupita kiasi, anakula vizuri lakini anakonda. Daktari wa mifugo akapima damu na mkojo, akasema ni kisukari. Akaandika insulini aina ya glargini, yuniti moja asubuhi na moja jioni, inunuliwe kwenye famasi ya binadamu. Mimi niko Iringa, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwake, na kwa kuwa ndiye "msomi wa ukoo" nikapewa kazi ya kusoma na kushauri kwa simu.

Nikaisoma makala inayotajwa sana kwenye mada hii, ya Kirsten Roomp na Jacquie Rand, iliyotoka mwaka 2009 katika Journal of Feline Medicine and Surgery. Nikajiona nimeshafuzu. Asubuhi moja shangazi akapiga: kipima sukari kimesoma 19. Nikamjibu bila wasiwasi, "Ongeza nusu yuniti."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, nusu ya mstari upi?"

Sikulielewa swali. Nikasema, "Ongeza kidogo tu, shangazi." Akaongeza. Kesho yake jioni paka akawa anayumba kama mlevi, mara akaanguka na kuanza kutetemeka. Shangazi alimpaka asali kwenye fizi, akapata nguvu ya kula, na daktari akaja usiku uleule. Alipona. Ila swali la shangazi limenirudisha kwenye makala ile, na safari hii nimeisoma kwa jicho jingine.

Kwanza tuitendee haki. Utafiti ulifuatilia paka 55 waliotibiwa kwa glargini huku wenye paka wakipima sukari wenyewe nyumbani, mara kadhaa kwa siku. Asilimia 64 walifika mahali ugonjwa ukatulia na sukari ikakaa sawa bila insulini. Walioanza utaratibu huu ndani ya miezi sita baada ya kugunduliwa walifanikiwa kwa asilimia 84, waliochelewa kwa asilimia 35. Ujumbe wa kuwahi ni wa maana sana. Na kupima nyumbani ni hoja nzito: paka akiwa na hofu, sukari yake hupanda sana hata kama hana kisukari. Mfunge kwenye boksi, mpakie bajaji mpaka mjini, halafu umtoe damu. Namba utakayopata itakueleza habari za safari kuliko habari za ugonjwa.

Sasa kasoro. Utafiti haukuwa na kundi la kulinganishia, na wenye paka walikuwa watu waliojitolea, wenye muda, ari na stripu za kutosha. Kwa hiyo ile 64 inaonyesha kinachowezekana katika mazingira yale. Ukimwahidi nayo mtu anayehesabu stripu moja moja, unamdanganya.

Lakini kasoro iliyotuangusha sisi ni ndogo zaidi, nayo iko kwenye bomba la sindano. Utaratibu ule hupandisha na kushusha dozi kwa hatua ndogo, hata robo au nusu yuniti. Glargini ya kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita, maana yake yuniti moja ni sehemu moja ya mia ya mililita. Bomba alilouziwa shangazi ni la mililita moja, na kila mstari wake ni yuniti mbili. Dozi ya yuniti moja alikuwa akiivuta hadi katikati ya sifuri na mstari wa kwanza, kwa macho, na miwani puani. Nilipomwambia aongeze "kidogo", alivuta hadi mstari wenyewe. Mimi nilifikiria moja na nusu, yeye akatoa mbili. Dozi iliongezeka mara mbili kwa simu moja.

Kuna mabomba ya mililita 0.3 yenye mistari ya nusu yuniti, na hayo ndiyo ya kuulizia. Pia kuna insulini za mifugo zenye yuniti 40 kwa mililita, na mabomba yake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40 mpaka alama ya moja, umetoa yuniti mbili na nusu. Soma namba kwenye kichupa na kwenye bomba kila mara. Lazima zifanane.

Nilipoeleza haya kwa rafiki zangu, mmoja akauliza kwa nini tusiichanganye na maji ili ipimike kirahisi. Hapana! Glargini imewekwa kwenye kimiminika chenye asidi, pH karibu 4. Ikiingia chini ya ngozi, ambako pH ni karibu 7.4, huganda kuwa chembe ndogondogo, na chembe hizo ndizo zinazoachia dawa polepole. Ukiichanganya unavuruga utaratibu huo. Na kwa sababu dawa hutoka polepole, badiliko la dozi huchukua siku kadhaa kuonekana vizuri. Kubadilisha dozi kwa namba ya asubuhi moja, kama nilivyofanya, ni kufukuza kivuli. Baadaye niliambiwa kwamba asubuhi ile paka alikuwa ametoka kukimbizwa na mbwa wa jirani.

Kuna na kipima sukari chenyewe. Utaratibu ule unalenga 2.8 hadi 5.5. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kwa vifaa vya binadamu kinaruhusu kukosea kwa 0.83 sukari ikiwa chini, kwa hiyo ukisoma 3.0 inaweza kuwa 2.2 au 3.8. Kweli, vifaa vya binadamu kwa kawaida husoma damu ya paka chini kuliko maabara, na hiyo inatupa nafasi kidogo. Lakini hapo unahitaji kupima tena na tena. Mwenye stripu mbili kwa siku asilenge huko. Alenge paka asiyekojoakojoa, anayeongezeka uzito, na asiyeanguka.

Na chakula? Miongozo inasisitiza chakula cha makopo chenye wanga kidogo. Paka wa Uyole anakula ugali kwa dagaa. Kupunguza ugali na kuongeza usipa wa Kyela kunaweza kumsaidia sana, ila wanga ukipungua mahitaji ya insulini nayo hushuka. Ukibadilisha sahani leo bila kumwambia daktari, dozi ya jana inaweza kuwa sumu.

Kwa hiyo sisemi makala ile itupwe. Ninachoilalamikia, na ninachojilaumu mimi mwenyewe, ni kuandika dozi kana kwamba kila msomaji ana rula moja mkononi. Mwongozo wa kwetu ungeanza na bomba: picha yake, mistari yake, na mstari wenyewe ulipo. Ungefuata na asali jirani na kichupa, na sheria kwamba paka asipokula, hapigwi dozi ya kawaida kabla ya kumpigia daktari. Ndipo uje kwenye robo na nusu.

Siku hizi sitamki "ongeza". Dozi anapanga daktari. Mimi namwomba shangazi anitumie picha ya bomba likiwa limevutwa, kabla ya sindano. Juzi alituma, na chini akaandika: "Mstari huu, sio?" Nilikuza picha, nikahesabu mara mbili, ndipo nikajibu.