Fundi wa Nyasi Mbichi

Ukoo wa kekeo una sifa mbaya. Baadhi yao hawajengi: jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine, akaenda zake, na mtoto akalelewa na asiyemzaa. Huku nyanda za juu, mvua za kwanza zikikaribia, kekeo kifua-chekundu hupiga sauti zake tatu mchana kutwa, na kurumbiza ndiye humlelea watoto.

Lakini teremka kutoka Mbeya hadi Usangu, kwenye majaruba ya mpunga ya Mbarali, ukae kimya kando ya nyasi ndefu wakati wa mvua. Humo yumo dudumizi mweusi. Ni wa ukoo huohuo, na huyu ni fundi.

Kiota chake hakionekani kwa urahisi, na hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe. Huchagua nyasi zilizosimama, akazivuta ncha zikutane juu na kuzisuka ziwe kuba, mlango ukiwa ubavuni. Wasusi wa Iringa, ambao vikapu vyao navistahi sana, hukata milulu na kuikausha ndipo wasuke. Dudumizi husuka nyasi zikiwa hai bado, mizizi imo udongoni. Mvua ikinyesha, paa lake linazidi kuota. Zikipita siku chache, hata wewe uliyekiona mwanzoni utakitafuta.

Asubuhi moja nilimtazama mmoja akirudi na panzi mdomoni. Hakutua kiotani. Alitua mbali kidogo, akazama, akatembea chini kwa chini. Ncha za nyasi zilitikisika mara mbili tu. Alipotoka, alitokea upande mwingine kabisa.

Huyo alikuwa dume. Mwaka 2004 Mjerumani Wolfgang Goymann na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya ndege hawa, na Usangu ndiko walikowachunguza. Jike humzidi dume uzito kwa zaidi ya nusu. Ndiye hulinda eneo, huimba kwa sauti nzito zaidi, na huweza kuwa na madume hadi watano, kila mmoja na kiota chake. Akishataga, kazi ni ya baba: kuatamia, kuwinda panzi na vyura, kulisha, yote peke yake. Dudumizi nyusi-nyeupe anaishi katika nyasi hizohizo, na kwao mume na mke hulea pamoja. Kwa hiyo si mahali panapomfanya baba huyu awe alivyo, na hilo ndilo linalonirudisha Usangu kila mwaka.

Makinda hutoka kiotani kabla hayajajua kuruka sawasawa, yakajificha kwenye nyasi huku baba akiendelea kuyaletea chakula. Ndugu mkulima, ukimwona dudumizi akipita na panzi mdomoni kando ya jaruba lako, tafadhali usifyeke wala kuchoma kipande hicho cha nyasi. Mpe mwezi mmoja.