Uhakiki wa Istilahi: Je, "Ulinganifu wa Mzunguko" Unajitosheleza?

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa Arua na Koboko, ambako lugha hii imezoeleka zaidi sokoni, mpakani na katika kambi za jeshi, agizo hilo linaibua swali: je, mwanafunzi atakiona Kiswahili kuwa lugha ya elimu pia? Jibu litatokana na istilahi zetu, si hotuba zetu. Makala haya yanahakiki moja tu: ulinganifu wa mzunguko.

Kwanza, neno ulinganifu. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba umbo lina ulinganifu iwapo likikunjwa nusu zake zitaoana. Maelezo hayo ni kweli, ila ni nusu ya habari. Chukua msambamba wa karatasi ambao si mstatili wala rombasi. Ukunje upendavyo, nusu hazioani. Uchome pini katikati, uuzungushe nyuzi 180, nao unakaa palepale ulipokuwa. Pembetatu pacha, yenye pande mbili tu zilizo sawa, ni kinyume chake: inakunjika vizuri, lakini haioani mpaka izungushwe nyuzi zote 360. Kwa hiyo aina hizi mbili hazitegemeani.

Pili, neno mzunguko. Mzunguko ni duru nzima, na baada ya duru nzima kila umbo hurudi mahali pake, hata jiwe la barabarani. Tunachotafuta ni idadi ya mara ambazo umbo linaoana na mkao wake wa mwanzo ndani ya duru moja. Pembetatu ya pande sawa huoana kila nyuzi 120, mara 3; mraba kila nyuzi 90, mara 4; pembetano sawa kila nyuzi 72, mara 5; pembesita sawa kila nyuzi 60, mara 6. Kanuni ni kugawa 360 kwa idadi ya pande.

Tatu, mifano ya kufundishia tunayo katika lugha yenyewe. Andika KOBOKO kwa herufi kubwa, matumbo ya B yakiwa sawa: neno zima linakunjika juu kwa chini likaoana, lakini ukilizungusha nyuzi 180 halisomeki. Andika INI: halikunjiki likaoana, ila likizungushwa nyuzi 180 linasomeka vilevile. OHO linafanya yote mawili. ARUA, kwa sababu ya ile R, halifanyi lolote.

Wapo watakaosema istilahi ya zamani imekwisha kuzoeleka na kuibadili ni kuwachanganya walimu. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mazoea hayamsaidii mwanafunzi anayekutana na neno kwa mara ya kwanza. Napendekeza tuseme ulinganifu wa kukunja na ulinganifu wa kuzungusha. Vitenzi hivi viwili vinamwambia mwanafunzi afanye nini kwa mikono yake, na istilahi inayofanya hivyo imekwisha kufundisha nusu ya somo.