Nyumba janja na umeme wa kukatika: Home Assistant ndani ya Katubuka

Ukiuliza namna ya kuifanya nyumba ijiendeshe kwa seva yako mwenyewe, wengi watakutajia Home Assistant, programu huria aliyoianzisha Paulus Schoutsen mwaka 2013. Mimi naitumia hapa Katubuka, Kigoma, kwa kazi moja tu: kuendesha pampu inayojaza simtanki. Naipenda, ila tuna ugomvi kidogo.

Tuanze na sifa. Seva ikiwa sebuleni, inaongea na swichi kupitia ruta ya nyumbani, bila intaneti. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na mtandao ukazorota nchi nzima? Kifaa kinachongoja amri kutoka seva ya ughaibuni, siku kama ile ni pambo. Cha nyumbani kinapiga kazi. Gharama nayo ni ndogo: Raspberry Pi inayokula kama wati 5 itatumia uniti 3.6 hivi za LUKU kwa mwezi.

Sasa lawama. Miongozo mingi ya kujifunzia huanza na taa za rangi, kana kwamba umeme haukatiki. Kigoma tulikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa majenereta ya dizeli, kwa hiyo sisi tungeanza na swali jingine: umeme ukirudi, kila kifaa kitafanya nini?

Sikuliuliza. Nilipanga hivi: washa pampu, subiri dakika 20, zima. Dakika ya 10 umeme ukakatika. Uliporudi, swichi niliyoiseti iendelee ilipoishia ikawasha pampu. Seva ikaamka haina habari kwamba kuna kitu ilikuwa inasubiri, maana kusubiri kwa namna hiyo hakuvuki kuzimwa. Maji yakafurika hadi uani kwa mama jirani, na huku bondeni maji yakituama hayaondoki upesi. Nilipokwenda kumwomba radhi, akaniuliza kama hiyo kompyuta yangu haina macho.

Swali lake ni la kihandisi kabisa. Mpango wangu ulihesabu muda, haukutazama maji. Boya la plastiki ndani ya tanki linatazama maji yenyewe: yakifika juu linakata umeme wa pampu, seva iwe macho au imelala.

Kwa hiyo ukijaribu, usalama uweke kwenye kifaa chenyewe. Funga boya. Seti swichi ibaki imezima umeme unaporudi. Seva ipe betri: ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84, yaani saa 16 kwa hesabu ya karatasi, tegemea nusu yake. Kisha iachie seva kazi ya kukumbusha na kutoa taarifa. Hapo ni hodari kweli.

Taa za rangi zitafuata, ukipenda.