Bumbire katika Orodha za Vitabu

Wasomaji wetu hutumia orodha za maktaba mara kwa mara, walakini ni wachache wanaozihukumu kama wanavyohukumu kitabu. Sisi twaona ya kuwa orodha nayo ni maandishi: ina mwandishi, ina lugha yake, nayo yaweza kukosea. Na tuipime kwa jina moja, Bumbire, kisiwa cha Ziwa Viktoria kilichomo sasa katika wilaya ya Muleba.

Tarehe 28 Aprili 1875 H. M. Stanley alifika hapo kwa mashua, akanyang'anywa makasia, akaponea chupuchupu. Tarehe 4 Agosti mwaka ule ule akarudi pamoja na mitumbwi ya watu wa Mtesa, mfalme wa Buganda, akawapiga wenyeji kwa bunduki toka majini, na wengi wakafa. Mwenyewe ameyasimulia hayo katika juzuu ya kwanza ya Through the Dark Continent, iliyopigwa chapa 1878. Basi, mwenyeji wa Bumbire akitaka kuisoma habari hiyo aitafute wapi? Maktaba zifuatazo vichwa vya Library of Congress hukiweka kitabu chini ya jina la Stanley, na chini ya Afrika ya Kati, Uvumbuzi. (Wale waliokuwa wakivua samaki pale asubuhi ile hawakuwa na habari ya kwamba wanavumbuliwa.) Aliyepigwa hakupewa kadi, aliyepiga anayo. Tena Stanley aliandika Bumbireh. Katika kadi herufi hiyo ya mwisho haina neno, bali mashine ya kutafutia vitabu yaweza kumrudisha msomaji mikono mitupu kwa ajili yake.

Kwa upande wa majina ya makabila, hatuwezi kuwalaumu wenye orodha kwa haraka. Kiswahili husema Mhaya, Wahaya, Kihaya, Uhaya. Na wenyewe husema Omuhaya, Abahaya, Oruhaya. Kama kila jina lingeachwa na kiambishi chake, vitabu vya watu wamoja vingetawanyika penye M, penye W, penye K na penye U. Kukata kiambishi na kuandika Haya tu kulikuwa shauri la busara. Kosa ni kwamba msomaji hakuambiwa. Mtoto wa shule hutafuta Kihaya penye K, asikione, akaondoka akidhani hakuna kitu. Kadi moja yenye maneno "Kihaya: tazama Haya" ingalimtosha.

Zaidi ya hayo, tazameni mgawanyo wa Dewey, uliotokea 1876. Mambo ambayo kwa mzee wa Ihangiro ni elimu moja, humo yamekatwa vipande. Sarufi ya lugha yaenda 496, hadithi 398.2, na methali 398.9, kitabu cha Cory na Hartnoll juu ya sheria za kimila za Wahaya (1945) chakaa pamoja na sheria, katika 340 na zaidi, na Amakuru ga Kiziba cha F. X. Lwamgira (1949) chaenda katika historia, 967.8. Hatusemi mgawanyo huu ni mbaya kwa vitabu elfu mia. Kwa kabati la vitabu mia tatu shuleni ni mzigo, maana mwalimu anayefundisha habari za nyarubanja huenda rafu ya sheria, asijue ya kuwa desturi yenyewe imeelezwa pia rafu ya tatu.

Tena hati za Hans Cory zimo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni vema zikilindwa, kwa kuwa karatasi ikipotea hairudi. Lakini ulinzi usio na orodha inayosomeka mbali ni sawa na kufungia. Mtu wa Bumbire avuke ziwa, kisha asafiri nchi nzima, ndipo aulize kama kuna jambo la kwao?

Shauri letu kwa walimu walio Bukoba na Muleba ni dogo. Wasibadili namba za vitabu. Kila wasomapo kitabu na kukuta jina la mahali pa karibu, waandike kadi: jina kama wenyeji walitamkavyo, namna nyingine zilizopata kuandikwa, kitabu, na ukurasa. Kadi ya kwanza iwe Bumbire, na chini yake Bumbireh, Stanley, juzuu ya kwanza.